Usimwombe mwanafunzi ajiigize mwenyewe

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa ya mchanganyiko hapa Kisumu, na mwaka huu nimekabidhiwa chama cha maigizo. Nina wanachama kama thelathini, wa Gredi ya 10 na Kidato cha Tatu. Mwalimu mkuu anataka kombe, lakini mimi kinachonisumbua ni jinsi watoto hawa wanavyojidharau. Msichana mmoja huja kila Alhamisi, anaketi nyuma amefunika shavu kwa mkono kwa sababu ya chunusi, na ameshaambiwa mara nyingi kwamba ni mweusi mno. Hajawahi kukubali kusimama mbele. Wavulana waliokulia mashambani huchekwa wakifungua tu mdomo. Nimesikia kwamba maigizo huwasaidia vijana kujitambua na kujikubali. Je, ni kweli? Na nifanyeje nisije nikawaumiza zaidi?

Jibu: Mwalimu, ni kweli, ila kuna sharti moja ambalo vyama vingi vya maigizo hulivunja tangu siku ya kwanza. Maigizo humsaidia kijana anapopewa nafasi ya kuwa mtu mwingine. Akiambiwa asimame mbele ya wenzake aigize maisha yake mwenyewe, mara nyingi huumia. Na wanaomuumiza ni walimu wenye moyo kama wako: wanaona mtoto ana donda, wanadhani jukwaa ni mahali pa kulifunua. Kesho yake darasa zima linajua donda liko wapi, na hawakosi wa kulitonesha.

Nianze na umri wenyewe. Mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyeandika sana juu ya utambulisho wa vijana, alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, hakumjua baba aliyemzaa, akakua na jina la baba wa kambo. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajichagulia jina la Erikson. Hainishangazi kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyesema kazi kubwa ya ujana ni kujibu swali la "mimi ni nani", na kwamba kijana hulijibu kwa kujaribujaribu. Leo ni mlokole, mwezi ujao ni rapa, muhula ukiisha hataki tena kuitwa kwa jina lake la ubatizo. Mzazi anaona kigeugeu, lakini hapo kijana yuko kazini.

Mwaka 1967 mwanasaikolojia mwingine, David Elkind, akaongeza jambo ambalo kila mwalimu wa sekondari amelishuhudia: kijana huishi kana kwamba kuna hadhira inayomtazama saa zote. Akitokwa na chunusi moja, anaamini shule nzima imeamka kuitazama. Sasa mwambie mtu huyo, "Njoo mbele utuonyeshe unavyojisikia." Ile hadhira aliyokuwa akiiogopa kichwani umemletea mzimamzima, imeketi kwenye viti. Msichana wako anapobaki nyuma anajilinda, na kusema kweli anajilinda kwa akili.

Mpe mhusika uone tofauti. Tuseme mhusika anaitwa Zawadi, wa Kidato cha Tatu, ametoka kijijini Sabatia kuja kukaa kwa shangazi yake mtaani Nyalenda, hapa Kisumu. Anayechekwa jukwaani ni Zawadi. Anayemjibu shangazi kwa ujasiri ambao nyumbani usingethubutiwa ni Zawadi pia, ila sauti imetoka kwenye koo la mwanafunzi wako, na mgongo ulionyooka ni wake. Akirudi kuketi anaweza kukana kila kitu: "Huyo alikuwa Zawadi, mwalimu." Mwache akane. Nafasi hiyo ya kukana ndiyo inayompa ujasiri wa kujaribu tena wiki ijayo.

Wazee walilijua hili zamani. Kwa Waluo wasichana walilala siwindhe, yaani nyumba ya mama mzee aliyeitwa pim, wakafunzwa maisha kupitia sigana, hadithi za jadi. Pim hakumnyooshea mtu kidole. Alisimulia habari za msichana mmoja mwenye kiburi na zimwi lililokuja kumchumbia, na aliyekusudiwa alijijua mwenyewe hukohuko gizani bila wenzake kugeuka kumtazama.

Utafiti nao upo, japo usiupe uzito kuliko ulio nao. Mradi uitwao DICE, ulioongozwa kutoka Hungaria kati ya 2008 na 2010, uliwapima vijana zaidi ya 4,000 wa miaka 13 hadi 16 katika nchi 12, nyingi zikiwa za Ulaya. Walioshiriki maigizo shuleni walijiamini zaidi katika kuwasiliana, walijiona wabunifu zaidi na walipenda shule zaidi kuliko wasioshiriki. Sehemu kubwa ya majibu hayo ni yale vijana waliyosema kujihusu, na Budapest ya Hungaria si mtaa wetu wa Kondele. Mimi huuchukulia kama sababu ya kujaribu kwa makini. Haukuahidi kwamba mtoto atapona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulirekebishe kabla ya mbinu yoyote, nalo ni namna nafasi zinavyogawanywa.

Chukua mchezo wa kawaida wa tamasha la maigizo la shule, lile la kombe. Bawabu ni nani? Ni mvulana wa Kiluhya, na lafudhi yake inakolezwa makusudi ili ukumbi uangue kicheko. Mheshimiwa mwenye suti na Kiingereza kirefu ni Mjaluo. Mwanafunzi mnene atakuwa chifu mla rushwa au mama wa kambo. Mweusi sana atapewa uchawi au ujambazi. Yule mweupe mwenye nywele laini ndiye mpenzi, na ndiye atakayeliliwa akifa. Hakuna aliyekaa akapanga ubaya. Runinga imetulea kwa vichekesho vya lafudhi na maumbile, na mwongozaji anayetafuta alama huenda palipo na kicheko cha haraka. Lakini mvulana aliyekuwa bawabu mwaka jana na mwaka huu amefundishwa jambo kuhusu nafsi yake. Amefundishwa na mwalimu, kwa mazoezi ya kila jioni, na mwishoni akapigiwa makofi kwa kulikubali.

Kwa hiyo, kwa muhula mzima wa kwanza wa kazi hii, mtu asiigize kile anachochekewa. Mvulana anayesema "samba" na "sule" badala ya "shamba" na "shule" awe daktari bingwa au hakimu, na lafudhi yake ibaki kama ilivyo. Usiirekebishe hata kidogo! Siaya na Homa Bay zimetoa madaktari na mahakimu wengi wanaotamka hivyohivyo, na wagonjwa wao wamepona. Waamuzi wa tamasha wakitaka kukata alama za matamshi, hiyo ni biashara ya Februari, msimu wa mashindano. Anayeitwa kibonge awe mchezaji nyota wa soka. Msichana mweusi asipewe nafasi ya kuzungumzia weusi. Apewe mwanamke ambaye rangi haitajwi popote, mwenye mambo mengine ya kufanya, labda mmiliki wa matatu anayemfuta kazi dereva.

Tena nafasi zizunguke. Katika kipindi kimoja Zawadi aigizwe na watu watatu au wanne, wavulana kwa wasichana, wakipokezana leso moja ambayo ndiyo alama yake. Anayeshika leso ndiye Zawadi. Zawadi asipokuwa mali ya mtu mmoja, hakuna atakayebandikwa jina lake kwenye kibanda cha chapati.

Huyo msichana wa nyuma, usimsukume na usimsifu uzuri. "Hata wewe ni mrembo" ni maneno ambayo hayaamini, na umemwonyesha kwamba hata wewe unauangalia uso wake. Mpe kazi yenye mamlaka ambayo haihitaji uso. Katika igizo la papo kwa papo lazima awepo mtu wa kuita "Simama!" na kila mwigizaji agande. Mpe hiyo. Ghani za kikundi nazo humfaa, maana akiwa katikati ya sauti ishirini anaweza kupaza yake bila kutafutwa kwa macho. Wapo watakaopanda mbele baadaye, na wapo watakaomaliza shule wakiwa wasimamizi wa sauti na maleba. Usiwahesabu hao kama walioshindwa.

Kipindi chenyewe kiendeje? Una saa moja na dakika ishirini hivi kabla ya wanaokaa mbali kuanza kuangalia saa, kwa sababu wapo wanaokwenda kuteka maji na kupika. Anza na mwili. Wasimame duara, viti vyote vipelekwe ukutani. Mmoja aonyeshe hatua ya ngoma ya kwao, wengine waige. Hapa utashangaa: yule aliyechekwa kwa kukulia Shinyalu ndiye anayejua isukuti, ngoma ya Waluhya wa Isukha na Idakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na watoto wa mjini ndio wanaojikwaa. Usitoe hotuba kuhusu hilo. Endelea na zoezi.

Kisha mjengeni mhusika. Bandika karatasi ya manila ukutani, mchore umbo la mtu. Ndani ya umbo waandike yale Zawadi anayojiambia akiwa peke yake. Nje waandike yale watu wanayomsema. Karatasi hii itakupa mengi. Watoto wataandika kwa niaba ya Zawadi maneno ambayo ni yao, na wewe utayatambua. Funga mdomo. Usiulize nani kaandika nini, wala usimtupie mtu jicho.

Baada ya hapo wagawe katika vikundi vya watu watano, kila kikundi kitengeneze sanamu tatu kwa miili yao, bila maneno: Zawadi anavyoonwa na wenzake, Zawadi anavyojiona, Zawadi anavyotaka kuonekana. Kati ya ya pili na ya tatu waulize mwili umebadilika wapi. Shingo? Mikono? Nani amesogea, ni Zawadi au ni waliomzunguka? Swali hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Vijana wengi wamehubiriwa wajipende na wajiamini, kana kwamba tatizo lote limo ndani yao. Sanamu huwaonyesha kwamba mara nyingine Zawadi hakuhitaji kunyooka. Wale wanne waliomzunguka ndio waliopaswa kurudi hatua mbili nyuma.

Hatua inayofuata ni ya Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili aliyeishi kati ya 1931 na 2009, aliyewaondoa watazamaji kwenye viti na kuwapandisha jukwaani. Mashirika ya afya yameitumia mbinu yake mitaani kwetu magharibi kwa miaka mingi, hasa kuhusu Ukimwi, na wengi tunaiita maigizo shirikishi. Onyesho fupi linachezwa mpaka mwisho mbaya: Zawadi anasoma kwa sauti darasani, anateleza katika neno, darasa linacheka, anaapa kutofungua mdomo tena. Linachezwa mara ya pili, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kuita, onyesho likaganda, akachukua leso na kujaribu njia nyingine. Wa kwanza atatukana. Wa pili atalia kwa mwalimu. Wa tatu atajicheka mwenyewe kabla hajachekwa, na wengi wataona hiyo ndiyo akili. Waulize inamgharimu nini akiifanya kila siku kwa miaka minne. Usitafute jibu sahihi. Na waruhusu kubadilisha watu wengine badala ya Zawadi: rafiki aliyenyamaza, mwalimu aliyetabasamu. Nikuonye tu kwamba mhusika mwalimu atachukuliwa, na utajiona. Vumilia.

Mwisho wa kipindi usiruke hatua ya kumvua mhusika. Aliyemshika Zawadi aweke leso chini, ataje jina lake halisi, aseme jambo moja linalomtofautisha na Zawadi: "Mimi napenda hesabu, Zawadi haipendi." Aliyemwigiza mchokozi afanye vivyo hivyo, tena yeye zaidi, kwa sababu atakutana na wenzake kwenye stendi ya matatu akiwa bado ananuka uchokozi. Dakika tano zinatosha. Vyama vinavyopuuza hatua hii ndivyo ambamo jina la mhusika hugeuka lakabu ya mtu mpaka siku ya mtihani wa mwisho.

Yapo mambo ya kutoyagusa mapema. Tohara ni mojawapo. Una Waluo, ambao kwa mila hawatahiri, una Wabukusu ambao wavulana wao hutahiriwa Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, una wengine ambao kwao jambo hilo ni la hospitali tu. Utani wa tohara katika darasa mseto huingia siasa na ukabila kabla hujasema "Simama". Mimba, kujiua na unyanyasaji wa nyumbani pia viache mpaka kikundi kimekomaa, na hata hapo viwe vya mhusika tu.

Pamoja na tahadhari zote, iko siku mtoto atakufuata baada ya kipindi akwambie ya Zawadi ni yake. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu ahadi hiyo huenda ikabidi uivunje. Mwambie utamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na kama kuna kuumizwa au anazungumzia kujidhuru, jambo hilo haliwezi kungoja Alhamisi ijayo. Simu ya watoto, 116, haina malipo. Wewe ni mwalimu wa maigizo. Matibabu yana wenyewe.

Kuhusu mwalimu mkuu na kombe lake: usipigane naye. Tamasha la kitaifa la maigizo limekuwapo tangu 1959, lina heshima yake, na safari ya kwenda hata ngazi ya kaunti tu ni kumbukumbu ambayo mtoto wa shule ya kutwa hasahau. Ila tusidanganyane kuhusu linachofanya. Michezo mingi huandikwa na watu wazima waliokodiwa, huongozwa na watu wazima waliokodiwa, na mtoto hukariri maneno ya mtu mwingine mpaka yakae. Hujifunza nidhamu na sauti, naam. Lakini kulijibu lile swali la Erikson kunahitaji maneno yake mwenyewe. Na watoto wanapopanda na jambo zito, watu wazima hutetemeka. Aprili 2025, kwenye fainali za kitaifa Nakuru, wasichana wa shule ya Butere, ambao mchezo wao ulikuwa umezuiwa kisha Mahakama Kuu ikawaruhusu kuigiza, waliimba wimbo wa taifa jukwaani wakaondoka bila kuigiza, na polisi walikuwa wamerusha vitoa machozi. Kila mwalimu mkuu magharibi mwa Kenya anaikumbuka wiki hiyo. Wako akisita ukimwambia wanafunzi watatunga wenyewe, usimwone mwoga.

Mpe mpango anaoweza kuutia sahihi. Tamasha hula muhula wa kwanza. Baada ya fainali za Aprili vyama vingi hulala hadi mwaka unaofuata. Omba Alhamisi za muhula wa pili, bila hadhira, bila bajeti isipokuwa manila, kalamu na leso. Mkumbushe kwamba kujiamini ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi katika mtaala wa sasa, na kwamba Gredi ya 10 ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, kwa hiyo hii si michezo ya kupotezea muda. Mwambie pia, maana ni kweli, kwamba waigizaji wake wa Februari watatoka humo.

Akiuliza utajuaje kama inafanya kazi, usimpe hadithi ya mtoto mmoja aliyelia. Chukua daftari. Andika nani anauliza swali katika vipindi vyako vya kawaida, nani anaketi na nani wakati wa chakula, nani amerudi chamani wiki ya tano. Waombe walimu wawili wengine waangalie bila kuwaambia unatarajia nini. Kama mwisho wa muhula hakuna kilichosogea, au kuna mtoto aliyejikunja zaidi, punguza makali ya maonyesho na umwone mwalimu wa ushauri kabla ya kuendelea.

Jambo la mwisho ni video. Wanafunzi wa kutwa wengi hawaruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo simu itakayoleta shida itakuwa ya mwalimu. Onyesho likinoga mtu atarekodi kwa nia njema, litaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na kabla ya jioni liko TikTok lina maoni mia kuhusu pua ya mtoto wa watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa hivyo. Katika vipindi vya muhula wa pili pasirekodiwe chochote, hata na mwalimu mkuu. Ikifika wakati wa kuonyesha kazi kwa wazazi, tuma barua za idhini wiki mbili kabla, na ambaye barua yake haijarudi aigize kama kawaida, kamera ikiwa imezimwa.